Halua ya Wete na kampuni changa ya Dar es Salaam: niingie jukwaani mwao au nibaki na daftari langu?

MwikoMrefu (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum. Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa wiki mbili, na nyumbani kila ninayemuuliza hunijibu kwa kadiri anavyonipenda, si kwa kadiri anavyolijua jambo lenyewe. Ndiyo maana nimeona nilete kwenu.

Sisi ni wapika halua. Marehemu baba alituachia sufuria kubwa la shaba, mwiko mrefu kunipita mimi, na watu waliokwishauzoea mkono wake. Zamani halua yetu ilivuka kwenda Unguja kwa kuagizana tu: mtu ana harusi Mwembetanga, anampigia simu jamaa yake wa Wete, na jamaa anakuja kwetu na ndoo. Tangu nilipoanza kuweka picha katika WhatsApp na Instagram mwaka 2019, maagizo yamekuwa yakija kutoka Dar es Salaam, Tanga na hata Mombasa, kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Pemba. Mteja hunilipa kwa simu, mimi naandika jina na namba yake juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito, boksi linaingia botini, naye hulifuata Malindi bandarini au humtuma mtu. Kila anayenunua namwandika katika daftari la skuli lenye jalada la buluu: jina, anapokaa, anapenda iliki kali au ya mbali, lozi au korosho, na ni nani aliyemleta kwetu. Mpaka juzi yalikuwa yamefika majina 412.

Mwezi uliopita walikuja vijana watatu wa kampuni changa yenye makao yake Dar es Salaam, ambayo ina programu ya simu ya kuuzia vyakula vya asili vya pwani. Walikaa kwa adabu, wakala halua, wakasifu, kisha wakanipa mkataba wa kurasa 11. Kwa ufupi, wanataka kamisheni ya asilimia 18 ya kila kilo. Fedha zangu watanilipa kila baada ya siku 14. Mazungumzo yote na mteja yapite ndani ya programu yao, wala sitaoneshwa namba yake ya simu. Na bei nitakayouzia kwengine kokote isiwe chini ya ile ya kwao. Wao watapiga picha, watatangaza, watafikisha mzigo mlangoni kwa mteja, na wanaahidi kwamba ndani ya miezi sita maagizo yatakuwa mara tatu ya haya niliyonayo.

Hesabu zangu hizi hapa, sizifichi. Nauza kilo kwa shilingi 12,000. Wanga, sukari, samli, lozi, iliki, zafarani, kuni na kopo hunila shilingi 7,400. Vijana wawili wanaonisaidia kukoroga, maana halua haitaki mwiko usimame hata dakika moja, nawalipa shilingi 1,200 kwa kilo. Nabakiwa na 3,400. Kwa wastani napika kilo 20 kwa wiki, ukiacha Ramadhani na siku za Idi ambazo hazina kipimo.

Kaka yangu anasema dunia imekwishaelekea huko, na asiyekwenda nayo atabaki na sufuria lake. Mama anasema mwenye kukuficha mteja atakuficha na mengine. Ningependa kuwasikia waliokwishaingia katika biashara za aina hii, au waliokwishatoka.

Baraza_Jambiani

Wa alaykum salaam, dada. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani, na huu ni mwaka wa kumi naishi na majukwaa ya mtandaoni, kwa hiyo nitasema kwa upande wa aliyeingia na hajatoka.

Kwanza tuwape haki yao. Mtu wa vyumba sita zamani hakuwa na njia ya kumfikia mgeni wa Ufaransa au Ujerumani ila kwa kupitia mawakala wa safari wa huko, nao walitaka mahoteli yenye vitanda vingi. Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996 na Airbnb ikaanza San Francisco mwaka 2008, na biashara yao hasa ni kumfanya mgeni amwamini mtu asiyemjua. Maoni ya waliotangulia, picha, na malipo kupita kwa mtu wa tatu: hayo ndiyo yaliyonipatia mgeni wangu wa kwanza, mama mmoja wa makamo aliyefika na begi lake dogo, akaniambia kwamba amenichagua kwa sababu mgeni aliyemtangulia alisifu chapati zetu. Kamisheni ya asilimia 15 hivi, ambayo mahoteli mengi hulipa, niliiona ni halali kabisa kwa mgeni ambaye bila ya wao asingejua kama Jambiani ipo.

Lakini mgeni huyo huyo akirudi mwaka wa pili, namlipia kwa kazi gani? Ndiyo maana siku ya kuondoka huwa namkaribisha mgeni kahawa barazani na kumuomba aandike jina na namba yake katika kitabu, akipenda. Siku hizi karibu nusu ya wageni wangu huja kwangu moja kwa moja, na ile nusu nyengine naiona kama ada ya kutafutiwa wapya.

Sharti la bei ulilolitaja si geni. Mahoteli ya Ulaya yalifungwa nalo kwa miaka, yakalalamika mpaka yakasikilizwa. Ufaransa ililipiga marufuku kwa sheria mwaka 2015, na mwishoni mwa mwaka ule ule mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ikaikataza Booking.com kulitumia, kesi ikaburutwa mpaka mahakama ya juu ya huko ilipoikubali marufuku hiyo mwaka 2021. Hoja yenyewe ni nyepesi. Kamisheni ni lazima uitie ndani ya bei yako ya jukwaani, la sivyo utakula hasara. Na kama huruhusiwi kushusha bei mahala pengine, basi hata jirani yako wa Wete anayekuja na sahani mkononi atakuwa anailipia kampuni ya Dar es Salaam ambayo haikumleta.

Jambo jengine ni kwamba huko ndani hakuna mtu wa kumgongea mlango. Agosti moja, msimu umepamba moto, jukwaa moja lilinifungia ukurasa kwa siku tisa kwa sababu jina langu katika akaunti ya benki lilipishana herufi moja na lile la kitambulisho. Niliandika barua pepe 14, na zote zilijibiwa na mashine, kwa heshima kubwa.

Duka_Darajani

Mimi nauza vitambaa Darajani, na baba yangu aliuza papo hapo. Siku hizi mteja huja na picha katika simu, akanionesha bei ya Guangzhou, kisha akataka nimuuzie kwa bei hiyo hiyo kana kwamba meli husafiri bure. Usitie saini, dada. Biashara ya halua ni ya mdomo: mtu akiila kwa jirani huuliza imetoka wapi. Programu ya simu haina ulimi.

Fundi_Fumba

Ndugu yangu wa Darajani, ulimi haufiki Mwanza. Mtandao unafika.

Mimi ni mwandishi wa programu. Nimefanya kazi katika kampuni changa mbili. Ya kwanza ilikufa, ya pili nimo mpaka leo, hapa Fumba. Naomba nieleze jinsi kampuni hizi zinavyoendeshwa kwa ndani, maana ukishalijua hilo masharti ya mkataba wako hayatakushangaza tena.

Duka la kawaida huanza na faida ndogo, likakua kwa faida hiyo. Kampuni changa ya aina hii huanza na fedha za wawekezaji, na mwekezaji wa namna hiyo hangojei gawio la kila mwaka. Anataka kampuni ikue haraka, ili baadaye inunuliwe na kampuni kubwa au hisa zake ziingie sokoni, naye apate mara nyingi ya alichotia. Anajua kwamba katika kampuni kumi alizozitilia fedha nyingi zitakufa, kwa hiyo ile moja au mbili zitakazopona ni lazima zilipie zote. Kwa sababu hiyo kampuni hupimwa kwa kasi yake kabla ya kupimwa kwa faida. Mwanzoni hutoa punguzo kwa mteja na huduma ya bure kwa muuzaji, fedha zikitoka kwa mwekezaji. Watu wakishazoea, punguzo huondoka na kamisheni hupanda. Vijana wako walipokuahidi mara tatu kwa miezi sita hawakulipigia hesabu sufuria lako, walilipigia hesabu jedwali watakalompelekea mwekezaji. Siwalaumu, nami nimewahi kuchora majedwali hayo.

Na ahadi hizo huishia wapi? Jumia ilianza Lagos mwaka 2012, ikaingiza hisa zake katika soko la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka ule ule ikafunga duka lake la mtandaoni Tanzania. Wasoko, iliyokuwa ikiwapelekea wenye maduka madogo bidhaa wanazoagiza kwa simu, ilipata dola milioni 125 kwa wawekezaji mwezi wa Machi 2022, na Agosti mwaka huo ikashirikiana na Serikali yetu katika mpango wa Silicon Zanzibar, uliokusudia kuzivuta kampuni za teknolojia zije kukaa hapa Fumba. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeungana na MaxAB ya Misri. NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza kwa kurahisisha miamala ya simu humu nchini, kisha ikageukia kuwasaidia walioko Uingereza na Marekani kutuma fedha Afrika, na huko ndiko ilikokua. Kila moja ilikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za busara. Wewe ujue tu kwamba unayetia naye saini leo anaweza kufunga, kuungana au kugeuka kabla hujamaliza magunia mawili ya sukari, na hatakuwa amekukosea kwa lolote lililoandikwa.

Sasa hesabu yako. Asilimia 18 ya 12,000 ni 2,160. Katika zile 3,400 zako zitabaki 1,240 kwa kilo. Tuseme wametimiza ahadi yote, unapika kilo 60 kwa wiki na zote zinapita kwao: utapata shilingi 74,400. Leo, kwa kilo 20, unapata 68,000. Yaani utakoroga mara tatu kwa nyongeza ya shilingi 6,400 kwa wiki, na hapo hatujauliza kama sufuria moja litatosha wala kama vijana wawili watakubali.

Lililobaki ni namba za wateja, na hapa mama yako ameona mbali kuliko kaka yako. Anayeendesha jukwaa huona kinachouzwa na kila muuzaji, kwa nani, mtaa gani na mwezi gani. Tume ya Ulaya iliichunguza Amazon kwa jambo hilo hilo, kwamba inatumia takwimu za wafanyabiashara wanaouza ndani yake ili kushindana nao, na Desemba 2022 Amazon ikajifunga kwa ahadi ya kutozitumia tena kwa namna hiyo. Huku kwetu hakuna wa kukuahidi. Jukwaa litajua kwamba watu wa Upanga wanapenda lozi na watu wa Mbagala wanataka korosho. Likimpata mpishi wa Temeke mwenye bei nafuu, litamsogeza juu na wewe litakushusha chini, na mteja hatajua kwamba mpishi amebadilika mpaka atakapoila.

Pamoja na hayo yote, sisemi usiingie. Wape kitu kimoja usichokitegemea, uwapime nacho, na wao wakupime.

Wakala_Mkoani

Fundi amesema kweli, ila siku 14 amezipita mbio, na mimi hapo ndipo ninapopaona pazito.

Nimekuwa wakala wa fedha za simu Mkoani tangu enzi ambazo wazee walikuwa wakiniuliza kama noti zinapita ndani ya mnara. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Vodacom wakaileta Tanzania mwaka uliofuata, na huku kwetu wengi walizizoea fedha za simu kwa Ezypesa ya Zantel. Miaka ile aliye na mtandao huu hakuweza kumtumia wa mtandao ule ila kwa usumbufu mkubwa. Airtel, Tigo na Zantel walipokubaliana mwaka 2014 kupokeana fedha, na Vodacom walipojiunga mwaka 2016, ndipo biashara ya Pemba ilipofunguka. Kwa maoni yangu hilo limetubadilisha kuliko programu yoyote yenye picha nzuri: mpishi wa Wete analipwa na mtu wa Tanga kabla sufuria halijapoa. Hata ile tozo ya miamala ya Julai 2021, ambayo ilipigiwa kelele mpaka Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, haikuwarudisha watu kwenye kufunga noti katika kitambaa na kumpa baharia.

Kwa hiyo asitokee mtu akakwambia kwamba siku 14 ni mambo ya ufundi. Fedha zinafika kwa sekunde. Siku 14 ni mkopo unaowapa wao, na mkopo huo hauna dhamana. Kilo 60 kwa wiki mara wiki mbili ni kilo 120, na kila kilo imekwishakula shilingi 8,600 kutoka mfukoni mwako kabla hujaona senti. Hizo ni shilingi 1,032,000 zitakazokuwa nje muda wote wa mkataba. Unazo? Kama huna, utachukua sukari na samli kwa kuandikiana dukani, na mwenye duka hatakungoja siku 14. Watakwambia wanashikilia fedha kwa kuwa mteja anaweza kurudisha mzigo. Hiyo ni sababu ya kweli kwa viatu. Halua ikishatiwa kidole hairudi.

Jengine ni kwamba mtandao nao huugua. Usiku wa Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwetu ilianza baada ya magharibi na kuendelea mpaka usiku wa manane kupita. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Menyu ya fedha za simu, ile ya kubonyeza nyota na reli, haihitaji intaneti, na kumpigia mtu simu ya kawaida hakuhitaji intaneti. Mwenye namba za wateja wake aliuza siku hizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwahi kuona programu inayokutunzia daftari kisha ikakunyima ufunguo.

Fundi_Fumba

Wakala, tumo pamoja, ila daftari la karatasi nalo linahitaji mwenzake. Dada, majina 412 katika kitabu kimoja ni roho mkononi. Keti na mtoto wa skuli jioni tatu, muingize yote katika jedwali la kompyuta, na kabla ya hapo upige picha kila ukurasa. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, itakuwezesha kuwawekea wateja alama kwa makundi, mathalani wa harusi, wa Idi na wa kila mwezi, ukamwandikia kila mtu kwa wakati wake. Hayo ndiyo wanayoyafanya wale vijana. Tofauti ni kwamba wao wana mashine kubwa zaidi.

MwikoMrefu

Nashukuru nyote. Kuhusu karatasi, daftari huwa juu ya kabati la mama, na chumba kile huvuja masika. Nimekwisha kulihamisha tangu jana usiku.

Nina swali dogo kwa anayejua sheria: mkataba unasema wataitangaza halua kwa “jina la kibiashara litakaloamuliwa na kampuni”. Sisi hatuna jina. Watu husema tu halua ya kwa marehemu baba.

KalamuYaVuga

Dada, hicho ulichokiita swali dogo ndicho kikubwa kuliko asilimia 18.

Kamisheni ikikushinda utaacha kuuza, lakini jina likishakwenda halirudi. Wengi hawajui kwamba katika Muungano wetu alama za biashara zina sajili mbili. Ukisajili Zanzibar, kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa huku, hulindwi Bara. Na aliyesajili Bara, kwa BRELA, wakala wa usajili wa huko, halindwi hapa. Kampuni ya Dar es Salaam ikilibuni jina, ikalisajili BRELA, ikalitangaza kwa miaka miwili juu ya halua uliyoikoroga wewe, siku utakayoachana nayo utaondoka na sufuria na wao wataondoka na sifa. Mpishi mwengine atatiwa ndani ya jina hilo asubuhi yake. Kwa hiyo kabla ya kujibu lolote, tafuta jina, lisajili kote kuwili kwa jina lako na la kaka yako, na katika mkataba waandikiwe kwamba wao wanaruhusiwa kulitumia muda wote mkataba unapoishi, si zaidi.

Soma tena na kifungu cha kuhamisha mkataba. Kwa kawaida huandikwa kwamba kampuni inaweza kuuhamishia kwa mwengine bila ya ridhaa yako, nawe huwezi. Ukiunganisha na aliyoyasema fundi juu ya kampuni kuungana na kununuliwa, utaona kwamba unaweza kuamka umeolewa na usiyemjua. Ombeni kiandikwe kwamba jambo hilo likitokea una haki ya kutoka ndani ya siku 30 bila ya fidia. Mkataba wa kurasa 11 uliochapishwa vizuri humfanya mtu adhani haugusiki. Unagusika; vijana hao wanakuhitaji, kwa sababu jukwaa la vyakula vya pwani lisilo na halua ya Pemba litauza nini?

Duka_Darajani

Litauza kashata. Mimi bado nasema usitie saini.

MwikoMrefu

Nimerudi baada ya wiki tano, kwa sababu mlinisaidia na sipendi kuwaacha bila ya jibu.

Tulianza na jina, tukapeleka maombi BPRA na BRELA. Kisha niliwapigia simu wale vijana, nikawasomea hesabu ya fundi neno kwa neno, pamoja na ile shilingi 1,032,000 ya wakala. Yule anayeshughulikia fedha alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza ni nani aliyenipigia hesabu hiyo. Nikamwambia ni watu wa nyumbani.

Tulivutana wiki mbili. Kamisheni imeshuka mpaka asilimia 12 na malipo yamekuwa ya kila siku saba. Kifungu cha kuhamisha mkataba wamekirekebisha kama alivyoshauri wa Vuga. Sharti la bei ndilo lililotuchelewesha, kwa sababu walikubali kuliondoa kwa wateja wangu wa zamani tu, na ili wajue ni nani wa zamani wakataka niwape nakala ya daftari. Nilicheka, na nadhani yule kijana naye alijua kwa nini nimecheka.

Mwisho tulifuata lile la fundi la kuwapa kitu kimoja. Wao watauza kopo la robo kilo tu, kopo zuri la zawadi, ambalo mimi silipeleki kwengine, kwa hiyo hakuna bei ya kulinganisha. Kilo na nusu kilo zinabaki kwangu. Kopo linauzwa shilingi 4,500. Halua na kopo lenyewe vinanila 2,650, kamisheni ni 540, nami nabakiwa na 1,310. Kwa kilo nzima ni zaidi ya ninachopata Wete, na kama wakifunga kesho nitakuwa nimepoteza makopo matupu.

Namba za wateja wamekataa katakata kunionesha. Badala yake niliwaomba ruhusa ya kutia karatasi ndogo ndani ya kila kopo, yenye jina letu, neno Wete na namba ya simu. Wakasema haina neno, mradi isitaje bei, tukaiandika katika mkataba.

Makopo 40 ya kwanza yaliondoka na boti wiki iliyopita. Jana adhuhuri alinipigia mwanamke wa Dar es Salaam, sauti ya mtu mzima. Hakutaka kununua siku ile. Alitaka kujua kama tunaweza kumpikia ya lozi tupu katika sufuria lisilopita korosho, kwa sababu korosho humdhuru mjukuu wake, na ndani ya programu hakuona pa kuuliza. Nikamwambia inawezekana, ila asubiri kidogo nichukue kalamu.